Kilichobaki Chini ya Mvua ya Mawe

Tulimzika Mama Sifa Jumamosi iliyopita, na nyuma kabisa ya kanisa, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, alikuwa amekaa Vusi. Sikumjua kwa uso, maana uso usiouona miaka thelathini unakuwa uso wa mtu mwingine. Nilimjua kwa masikio. Yale masikio yaliyotoka nje kama vishikio vya sufuria, ambayo Mzee Kashindi, fundi cherehani tuliyekaa naye zamani, alikuwa akisema Mungu alimwekea ili iwe rahisi kumwepua jikoni. Watu walikuwa wanaimba na kulia, mimi machozi yakanikauka palepale. Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa. Alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, kama mwenye baridi, na nje jua lilikuwa kali. Baada ya maziko, wakati wa chakula, Tumaini, binti wa marehemu, alinijia na sahani ya wali, akaniinamia sikioni. "Mama mkubwa, yule baba anaomba kuja kwako Jumamosi ijayo, mchana. Amesema usipomfungulia hatasumbua tena." Nikapokea sahani. Sifa alikufa akiamini kwamba Vusi ndiye aliyemuuza Mzee Kashindi kwa wauaji, na mimi niliamini hivyohivyo pamoja naye, miaka yote, kama watu wawili waliobeba meza moja. Sasa upande wake umeanguka, nimebaki nimeshika wangu.

Neema, mjukuu wangu, anaishi nami hapa Kensington, Johannesburg, na chuo kikuu anasoma mambo ya mawe na ardhi. Kiswahili anakielewa chote, ila mdomoni mwake kinatoka kimechanganyika. Akiwa na furaha ananiita Gogo kama wenzake wa hapa, akitaka kitu ananiita Bibi. Jumatano alikuwa mezani na kompyuta yake, mimi nachambua maharage upande wa pili. "Gogo, njoo uone mto." Nikaangalia, nikaona kijivu kitupu, kama ile picha wanayompiga mtoto akiwa bado tumboni. Mto gani huo? "Uko chini ya barafu. Kule kusini kabisa, mwisho wa dunia. Barafu ya juu yake ni nene, ukisimamisha magorofa yote ya Marshalltown, moja juu ya jingine, bado hujafika juu." Nikamuuliza, basi nani aliuona? Akanieleza kwamba ndege inapita juu ya barafu inatuma mlio wa redio kwenda chini. Mlio unapenya, unagonga ardhi, unarudi, na wao wanapima umechelewa kiasi gani, hapa na pale na pale, mpaka wapate umbo la bonde. "Kwa hiyo wanapiga hodi," nikasema. Akacheka mpaka akapiga meza. "Eish, ndiyo, Gogo, wanapiga hodi." Mimi sikucheka. Kwangu kuna kengele getini, na wajukuu wote wanajua kunipigia simu wakifika. Mtu akisema hodi mlangoni pangu nanyamaza mpaka ataje jina lake. Wanafikiri ni uziwi wa uzee.

Akaendelea. Kwamba zamani, kabla ya watu, kule kulikuwa na miti na mito iliyojipinda, kisha baridi ikaja ikafunika. Nikasema basi barafu itakuwa imesaga kila kitu. "Mara nyingi inasaga," akasema. "Barafu ni katili, Gogo. Ikiteleza inavunja mlima inaufanya unga. Lakini palipo na baridi kali sana inagandana na ardhi, haisogei tena. Hapo chini yake panabaki kama siku ile palipofunikwa. Bonde, kingo, hata pale kijito kilipoingia mtoni." Nilimwambia afunge kompyuta, ni saa ya kula. Haikuwa saa ya kula. Maharage bado yalikuwa na mawe.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimepita thelathini, na nikiuita ujana asicheke mtu, maana kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa watu na baada ya hapo nikawa mzee. Tulikaa Bertrams, bondeni huku chini, katika nyumba ya zamani yenye bati jekundu. Mzee Kashindi Bilombele, mtu wa Uvira, Kongo, kama sisi, alipanga chumba cha mbele, akakijaza cherehani. Mimi na Sifa tulikuwa chumba cha nyuma, na Tumaini akiwa mchanga bado wa kubebwa mgongoni. Jiko lilikuwa katikati, kwa hiyo kila kilichosemwa chumba cha mbele kilipita kwenye sufuria zetu. Mashine za mzee zilikuwa na majina. Iliyokuwa na kelele aliiita Mama Mkwe, na ile iliyokata uzi ovyo aliiita Mobutu. Alishona sare za shule, magauni ya harusi, na zaidi ya yote alikunja suruali, maana wanaume wa jiji hili wananunua suruali ndefu kuliko miguu yao. Na alikuwa na adabu ya kizamani inayochosha. Mtu akisema hodi, awe nani, awe mdai wa kodi, hata kama yuko bafuni ana sabuni machoni, angeitikia kwa sauti, sentensi nzima, bila kukosa neno: "Karibu, ingia, chakula bado kina moto." Hata siku ambazo hatukuwa na chakula. Sifa akinung'unika, mzee anamjibu, "Mwanangu, hodi isiyoitikiwa ni kama kumtemea mtu mate. Mtu amesimama nje, hajui kama yuko hai kwako au amekufa."

Vusi, mwenyeji wa hapa, alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari kwenye uwanja wa jirani. Mara ya kwanza aliingia bila kugonga, nyundo mkononi, akiuliza ni nani aliyekufa humu ndani mpaka nyumba inanuka hivi. Zilikuwa ndagala zangu, dagaa wa kule ziwani, zimetoka Uvira kwa basi, ziko kwenye mafuta na nyanya. Mzee hakuinua macho kwenye mashine. "Toka nje." Vusi akashangaa. "Toka nje, uanze upya. Hii nyumba siyo choo cha stendi." Akamtoa mlangoni, akamfundisha kusema hodi, na alimrudisha nje mara nyingi, sisi tunakufa kwa kicheko, mpaka akaisema vizuri. Tangu siku hiyo hakuna aliyeipenda hodi kuliko Vusi. Alikuwa anaianza tangu kwenye lango. "Hodi! Hodi, makwerekwere! Hodi!" Hilo jina la matusi wanalotuita wageni, kwake lilitoka kama jina la shangazi. Mzee anaitikia yote, Vusi anaingia, ananawa, anakula zile ndagala alizozitukana, anabana pua kwa mkono mmoja na kumega ugali kwa mwingine. "Mdala," anamwambia mzee, "hawa samaki walikufa wakikimbia kitu." Na mzee, "Walikuwa wanakimbia masikio yako."

Lakini ule haukuwa mwaka wa kicheko. Alfredo, fundi viatu kutoka Msumbiji aliyekaa kwenye kona ya roboti, yaani taa za barabarani, vijana walimkuta mchana kweupe wakamwambia arudi kwao. Aliposema amalize kiatu kilicho mkononi, walichukua msharasi wake mwenyewe, ule wa kutobolea ngozi, wakaupitisha kiganjani hadi ukatokea upande wa pili na kuingia kwenye ubao. Wateja walisimama pembeni wakisubiri viatu vyao. Mimi nilipigwa chupa nikishuka basi, kwa sababu niliulizwa swali kwa Kizulu nikajibu kwa lafudhi. Damu ilijaa jichoni. Kliniki niliogopa, karatasi zangu zilikuwa zimeisha muda, basi Mzee Kashindi akapitisha sindano kwenye moto wa jiko akanishona nyusi kwa uzi wa hariri wa magauni, Vusi akinishika kichwa kwa mikono yake miwili, inanuka rangi ya magari. "Usitikise, sisi," ananiambia, maana dada kwao ni sisi, "mdala akikosea atakushonea zipu." Mshono huo ninao hadi leo. Neema akiwa mdogo alikuwa anaugusa anasema Gogo ana nyusi yenye upindo.

Siku yenyewe niliisikia kabla haijafika, kwenye foleni ya spaza, duka dogo la mtaani. Wanawake wawili mbele yangu walikuwa wanazungumza taratibu, kama watu wanaopanga kufua. "Kesho wanasafisha kuanzia juu." "Na ile ya bati jekundu?" "Nayo." Nilirudi na mkate nikawaambia. Sifa akafunga nguo. Mzee akasema tusubiri, ana suruali za watu, hawezi kuondoka na suruali za watu. Kesho yake mchana tulikuwa tunakula tuliposikia sauti zikishuka mlimani, filimbi na mabati yanayogongwa, na kisha jiwe likapita dirishani likatua juu ya Mama Mkwe. Tulitokea nyuma bila viatu. Moshi ulikuwa umeanza tayari kwa majirani, na mtu fulani ndani alikuwa anapiga yowe moja refu lisilopumzika, halafu likakatika. Hatukuwa na pa kwenda isipokuwa chini, mtoni.

Watu wengi wa jiji hili hawajui kwamba wanatembea juu ya mto. Umeanzia chini ya majengo huko katikati, wakaujengea zege juu, wakapitisha barabara, na unatokea kwenye mwanga huku Bertrams, kwenye mdomo wa handaki ambao mtu mzima akiinama anapita. Tuliingia humo. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, yamebeba mafuta na uchafu wa mji mzima. Tulikwenda mpaka handaki lilipopinda, mwanga ukabaki kama sarafu nyuma yetu. Sifa alimpa mtoto ziwa na kumziba masikio. Mzee alikuwa bado na sentimita yake shingoni, ule utepe wa kupimia nguo. Juu yetu tulisikia miguu, mingi, ikipita barabarani, na kila aliyepita nilimhisi kwenye meno yangu. Kisha kimya. Kisha sauti mdomoni mwa handaki, sauti ya Vusi, nzito, kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Nilidhani anacheka.

"Hodi."

Nilimgeukia mzee nimzibe mdomo. Nilikuwa nimechelewa. Yule mtu alikuwa ameitikia hodi miaka sitini, haikupitia kichwani mwake kwanza. "Karibu, ingia," akasema, kwa sauti ile ile ya chumba cha mbele, na zege likaibeba sauti yake mpaka nje. Hakumaliza. Alijisikia mwenyewe. Nilimwona amefungua mdomo kwa yale maneno mengine, akaufunga. Akatutazama mimi na Sifa na mtoto, akaivua ile sentimita shingoni, akaniwekea mkononi. Halafu akaanza kutembea kuelekea kwenye mwanga, peke yake, akisema kwa Kiingereza chake kibovu kwamba yuko mmoja tu, hakuna mtu mwingine humu, anakuja.

Nilitambaa mpaka kwenye kona. Kutoka pale niliona miguu tu. Kuanzia magotini kwenda chini, miguu mingi kwenye maji, na suruali moja ya kijivu mbele ya nyingine. Suruali ile niliijua. Upindo wake ulikuwa wa uzi wa kijani, kwa kuwa uzi mweusi ulituishia Ijumaa moja, na mwenyewe, jina lake Themba, alipokuja kuichukua alisema sharp, yaani safi, mdala, nani atanitazama miguuni. Mtu mmoja alipaza sauti, "Phumani," tokeni, na mzee akatoka. Rungu la kwanza lilimpiga kwenye goti ili aanguke. Alianguka kwa mikono. Panga lilifanya kelele nisiyoitegemea, kelele ndogo, ya kitu kinachochimba udongo wenye maji. Walirudiarudia hata pale ambapo hakukuwa tena na haja. Hakulia jina la mtu. Themba alisogea nyuma kidogo, damu isiingie kwenye upindo. Hilo niliona. Sifa nyuma yangu alikuwa ameng'ata bega lake mwenyewe, na alama ya meno aliikuta bibi aliyeosha maiti yake.

Mwingine akasema waingie wamalizie waliobaki ndani. Nilisikia kabisa. Na hapo mbingu zikaanguka. Ilikuwa majira yale ambayo kila alasiri Johannesburg inakasirika, lakini siyo vile. Mvua ya mawe ilishuka bila maji, mawe makubwa kama mayai ya kuku, barafu tupu, kelele yake juu ya zege ilikuwa kama lori linamwaga kokoto juu ya kichwa chako na halimalizi. Mawe yaliwapiga vichwani. Nilisikia wakipiga kelele sasa wao, wakitukana, mmoja akalia kama mtoto, miguu ikakimbia, suruali ya kijivu ikateleza na kuinuka na kutoweka. Barafu ikajaa mdomo wa handaki, ikaviringika hadi kwetu, maji yakawa baridi mpaka sikuhisi miguu. Haikudumu sana. Wingu likahamia upande wa Bedfordview, jua likatoka kana kwamba hakukutokea kitu.

Tulipotoka kila kitu kilikuwa cheupe. Ukingo, majani, bati za nyumba zilizoungua, vyote vyeupe, na moshi unatoka katikati ya weupe. Mzee Kashindi hakuonekana. Kulikuwa na kilima kidogo cha barafu na mkono mmoja, na barafu iliyokuwa karibu na mkono ilikuwa ya waridi. Gari la polisi lilikuja jua likiwa bado liko juu. Askari mmoja, kijana, aliondoa mvua ya mawe kwa sepetu, taratibu sana, kama anayemfunulia mgonjwa shuka. Chini yake tope lilikuwa halijaguswa. Yale mawe yalikuwa yameanguka kabla ya mtu kukanyaga tena, yakaganda palepale. Niliona kila kitu. Nyayo za mzee, peku, vidole vimetanuka. Nyayo za viatu. Mahali goti lake lilipopiga. Na kutoka juu kwenye majani mpaka mdomoni mwa handaki, mistari miwili imefuatana, imelima tope. Nilidhani ni vijito vya maji vimeshuka. Nilikuwa namtazama mzee. Askari aliuliza marehemu ni nani, nikamtajia, jina la baba, jina la babu, kijiji. Aliuliza nani aliyefanya, nikamtajia Themba, na nikamtajia Vusi. Themba walimpata. Vusi alikuwa ameondoka, wakasema huenda amekwenda kwao, na uwanja wa magari ukawa na fundi mwingine.

Ndiyo sababu Jumatano hiyo, baada ya chakula, nilimwambia Neema afungue tena kompyuta. Nilimwuliza swali ambalo yeye aliliona la kawaida. Hao watu wa ndege wanajuaje kwamba hilo bonde ni la mto, lisiwe limechimbwa na barafu yenyewe? Akafurahi, akakaa vizuri. "Kwa umbo, Gogo. Maji hayapendi kunyooka. Maji yanatafuta njia, yanapinda, yanajigawa, yanakutana tena. Angalia hapa. Lakini ukiona mistari imenyooka na inakwenda sambamba, kama umeikwangua kwa uma, hayo siyo maji. Hicho ni kitu kilichoburutwa."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwomba anielekeze kwa kidole, akanielekeza, huku mto, huku kilichoburutwa. Nikaona tena tope lile, kama sepetu imetoka juu yake sasa hivi. Mistari miwili. Imenyooka. Upana wake haukubadilika kutoka juu kwenye majani mpaka chini, upana wa miguu ya mtu mmoja, na vidole vya viatu vimelima, visigino havipo. Na pale mwisho, mbele ya handaki, tundu mbili za magoti na shimo moja la mkono. Mkono mmoja. Nikasikia ile sauti iliyojaa ugali, nikajua haukuwa ugali, ilikuwa damu. "Gogo, unaumwa?" Nilimwambia hapana, niletee maji. Usiku ule nililala kama kawaida, mtu asifikiri nilikesha. Lakini Alhamisi na Ijumaa nilizungumza na Sifa kutwa nzima, jikoni, nikiosha vyombo. Nilimwambia aliita, Sifa. Hilo halifutiki. Angeweza kunyamaza wamuue, na watu wamewahi kunyamaza wakauawa. Nilimwambia pia aliburutwa. Nilijua jibu lake, angesema na Kashindi je, yeye nani alimburuta? Alitembea mwenyewe.

Leo ni Jumamosi. Asubuhi nilimtuma Neema Fordsburg kwenye bazari akaninunulie nyanya na pilipili kali. Ndagala ninazo, Tumaini huniletea. Nilikaanga mpaka nyumba ikanuka hadi barabarani, Neema akafungua madirisha yote na kuuliza kwa Kizulu ni nani amekufa. Nilisonga ugali, nikaufunika. Sikuwa nimeamua. Mtu anaweza kupika bila kuamua. Nilisikia geti, Neema akimsalimu sawubona baba, akimwonyesha njia ya kuzunguka nyuma, maana mlango wa mbele unakwama. Hatua zikaja polepole kwenye zege la uani, zikasimama. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, kivuli chake kikaingia kabla yake, na kwenye kivuli mkono wa kushoto ulikuwa mfupi, umekunjwa kwenye kiwiko kwa namna ambayo mfupa ukivunjika na usirudishwe unabaki hivyo.

Kivuli kikarudi nyuma hatua moja. Nilifikiri ataondoka. Halafu akasema, mara moja tu, kwa sauti ya mzee asiyejua kama yuko hai kwa mtu au amekufa.

"Hodi."

Neema alikuwa amesimama nyuma yake, akinitazama, akisubiri bibi yake asijibu kama kawaida. Nilifungua mdomo na sikujua kitatoka nini. Nilishika ukingo wa meza. Nikaanza mahali mzee alipoanza, nikapita mahali alipoishia.

"Karibu," nilisema. "Ingia. Chakula bado kina moto."